Vyuma vizito au uzito wa mwili: kipi kinamfaa mtu wa miaka 47?

Mkazi wa Makorora:
Assalaam aleikum. Kazi yangu ni ya kukaa kitini, na sasa nataka kuanza mazoezi ya nguvu. Ninachagua kati ya jimu ya mtaani hapa Tanga, ambako watu hunyanyua vyuma vizito mara tano tano, na pushapu za alfajiri kule Raskazone zisizo na gharama. Wazee wananionya kwamba vyuma vizito huleta busha. Naomba ulinganisho.

Kijana wa Ngamiani:
Waaleikum salaam, kaka. Kwa kukuza misuli tofauti ni ndogo, kwa sababu hata uzito mwepesi ukirudiwa hadi misuli ikaribie kushindwa huikuza karibu sawasawa. Kwa nguvu yenyewe chuma kizito kinashinda, hasa miguuni, kwani kuchuchumaa bila mzigo huzoeleka mapema, ilhali kwenye chuma unaongeza kilo chache kila unapozoea.

Muuguzi Mstaafu:
Mwanangu, busha la huku Pwani kwa sehemu kubwa hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, chuma hakihusiki. Ngiri ni jambo jingine: mwenye udhaifu kwenye ukuta wa tumbo akikaza pumzi na kunyanyua, utumbo unaweza kusukumwa nje. Kwa umri wako ninachokihofia zaidi ni presha. Anayebana pumzi chini ya mzigo mzito hupandisha shinikizo la damu kwa sekunde chache, na wanamichezo waliopimwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu walivuka 300 kwenye namba ya juu ya presha. Kijana mwenye afya huhimili hali hiyo, lakini mtu asiyejua presha yake hapaswi kuijaribu.

Dada wa Chumbageni:
Shikamoo, mama. Naongeza faida ya mifupa, ambayo huimarika inapobebeshwa mzigo. Kwetu wanawake, baada ya hedhi kukoma, hilo si dogo. Kuhusu majeraha, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kati ya 1 na 4.4 kwa kila saa 1,000 za mazoezi ya wanyanyuaji wa mashindano, kiwango kilicho chini sana ya kile cha mechi za mpira, ambazo hakuna mzee anayewakataza vijana. Hata hivyo, waliochunguzwa ni watu waliofundishwa, si mgeni anayenyanyua makopo ya zege bila msimamizi.

Mkazi wa Makorora:
Shikamoo, mama, nami nashukuru. Nitapima presha kwanza, nianze na pushapu, kisha niingie jimu siku mbili kwa wiki nikitumia mtaimbo mtupu, yaani bila vyuma vya pembeni.

Kijana wa Ngamiani:
Mtaimbo wa mashindano ya wanaume una kilo 20, kwa hiyo usiudharau. Toa pumzi unaposukuma, na usilale kwenye benchi chini ya chuma bila mtu pembeni au vyuma vya kukinga, kwa maana ukishindwa kukisukuma kitakuangukia kifuani au shingoni.