Baba yangu haoni, lakini kiingilio analipa kamili. Kwa nini mnamnyima raha yake?

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyependa magazeti apite tu.

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Alikuwa fundi wa injini za dizeli kwenye karakana ya Morogoro, halafu presha ya macho ikamla macho taratibu mpaka yote mawili yakazima. Ugonjwa mwingine wa maana hana. Anatembea, anakula, anabishana siasa, bei ya sukari anaijua kuliko mimi ninayeinunua. Na safari anazipenda kuliko sisi wanawe wote. Watoto wakifunga shule, tunatoka naye.

Macho yake hayaniudhi, tulishayazoea. Wanaoniudhi ni ninyi mnaouza tiketi, mnaopangisha vyumba, mnaoendesha boti na mnaojiita waongoza watalii. Hela ya mzee mnaipokea vizuri kabisa, kisha mnafanya kama hayupo.

Nianze na hoteli. Pasaka tulikwenda hoteli moja ya ufukweni, tukalipia mapema vyumba viwili vinavyotazama bahari. Tunafika, dada wa mapokezi ananivuta pembeni, sauti ya chini, ya msibani msibani hivi, ananiambia chumba cha mzee wamekihamishia nyuma, "maana yeye mandhari si hayamsaidii, na kuna wageni wengine walikiomba." Nyuma ndiyo wapi? Kupita jiko, jenereta ikiwa upande wa pili wa ukuta. Na bei? Ileile.

Jamani, hebu tufikiri pamoja. Mimi na mume wangu tulifunga pazia mapema tukalala, bahari tuliyoilipia hatukuitazama hata robo saa. Anayekaa barazani mpaka usiku mkubwa ni mzee. Anasikiliza maji. Kwa mlio tu anajua yanajaa au yanakupwa, na asubuhi anawaambia wajukuu, "Leo msikurupuke, maji yako mbali, mtatembea kwenye mawe mpaka mchoke." Wanakwenda kuangalia, kweli. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye unayemlaza ukutani kwa jenereta? Kama kuna mgeni mmoja katika hoteli nzima aliyestahili kile chumba cha mbele, ni yeye. Ilibidi nifoke pale mapokezi watu wakageuka, ndipo chumba kikapatikana. Kumbe kilikuwepo muda wote.

Jioni, mezani. Mhudumu anakuja na kitabu chake, anamruka mzee, ananiuliza mimi: "Dada, mzee atakula nini?" Mzee yupo hapo hapo, na masikio yake ndiyo mazima kuliko ya meza nzima. Baba akamjibu, "Muulize dada. Akishajua, aniambie na mimi." Watoto wakacheka, yule kijana wala hakuelewa. Akaja kubwaga sahani ya changu wa kuchoma akaondoka zake, hajasema ameiweka wapi. Kwetu sahani ni uso wa saa, hata mdogo wa miaka sita anajua: "Babu, samaki yupo saa sita, wali saa kumi na mbili, kachumbari saa tisa, na pilipili nimeiweka nje ya sahani." Basi, babu anakula mwenyewe, miba anaitoa mwenyewe, hakuna wa kumlisha. Mtoto wa chekechea ameweza, wewe uliyesomea hoteli umeshindwa?

Halafu kuna hili la salamu, na hapa ndipo ninapoomba mnisaidie kukasirika. Tunafika mahali, kijana wa umri wa mjukuu wake anamsalimia mume wangu, ananisalimia mimi, anawashika watoto vichwa. Mzee wa miaka sabini na kitu anarukwa. Hata shikamoo! Au anasalimiwa kupitia kwangu: "Mzee hajambo?" Hajambo, huyo hapo, muulize. Tangu lini shikamoo ikahitaji macho ya kuipokea? Kule kwenye foleni ya boti kuna mama alimtia shilingi 500 kiganjani akapita. Baba akaigeuza geuza, akaitambua, akauliza kwa sauti, "Hii ni nini, chenji?" Najua yule mama alikuwa na moyo mzuri. Lakini mtu amevaa shati lililopigwa pasi, yuko safarini na wajukuu, ana tiketi mfukoni, huruma ya sarafu inatoka wapi?

Tuje kwenye magofu. Sehemu yenyewe siitaji, ni huku huku pwani. Langoni, mkata tiketi anamtazama baba juu mpaka chini, anatuuliza: "Na huyu naye anaingia? Anaenda kuona nini?" Nikamuuliza kama kuna bei ya wasioona. Hakuna. Tukalipa kamili. Ndani, mwongozaji anaanza: "Kama mnavyoona hapa... mkitazama pale juu... ule kule ndio mnara..." Pale wapi? Ule upi? Baba akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sioni, niambie ukubwa wake. Unanifika wapi? Jiwe gani?" Kijana akasema sawa mzee, halafu akaendelea na "kama mnavyoona." Kasuku kafundishwa wimbo mmoja, utamwambia nini?

Baba akaona isiwe tabu, akanyoosha mkono apapase ukuta. Taratibu, viganja vya fundi vile, anatafuta maungio. Filimbi ikalia! Mlinzi anakuja mbio, "Haishikwi hiyo, mzee, haishikwi!" Hatua kumi kutoka hapo vijana wawili wamekaa juu ya kaburi la kale wanapiga selfi, miguu inaning'inia. Filimbi kwao haikulia.

Najua kuna atakayekuja hapa kuniambia majengo ya kale ya pwani ni matumbawe na chokaa, mikono ya watu ikipita kila siku inakula lipu. Nakubali, hilo nalijua. Basi tengenezeni mfano mdogo wa msikiti, wa mbao au wa saruji, uwekeni langoni, mtu aushike ajue kibla kiko wapi na nguzo ni ngapi. Wekeni kipande cha tumbawe lililochongwa mezani. Fundi seremala wa mtaani hawezi kuwashinda. Italia, mji wa Ancona, kuna makumbusho nzima ya sanamu za kushika, Museo Omero, ipo tangu 1993. Na msiniambie hayo ni ya Wazungu wenye hela. Kijiji cha Makumbusho hapa Dar kipo tangu 1966, na pale baba alifurahi mpaka tukamvuta kuondoka: anainama kuingia kwenye msonge, anapapasa udongo wa tembe, anagonga nguzo kwa kidole kusikia mti gani. Bagamoyo pale Misheni kuna mbuyu uliomeza mnyororo, kipande kidogo kimebaki nje. Aliuvuta, akacheka, akasema aliyeufunga alikuwa fundi mbovu.

Na mashamba ya viungo Unguja, kule Kizimbani, ndiko mngekwenda kusoma kazi. Kijana wa kule hana kifaa chochote. Anachuma jani, analifikicha, anakupa unuse, anauliza hii nini. Baba aliwashinda wote, pamoja na Wajerumani waliokuwa na vitabu. Alikwama kwenye mzizi wa mdalasini tu, maana gome lina harufu ya chai na mzizi una harufu ya dawa ya kuchua kifua. Mpaka leo anawatega wageni nyumbani kwa hilo. Siku nzima hakuna aliyemuuliza amekuja kuona nini.

Tena tangu treni ya umeme ianze 2024 tumekwenda naye Morogoro. Mngemsikia! "Mbona haigongi?" Amezoea ile reli ya zamani, kwenye maungio inagonga ta-ta, ta-ta, na hii wameiunganisha kwa kuchomelea. Akawapa watoto somo, ile ya zamani upana mita moja, hii milimita 1,435, na behewa zima likatega sikio. Raha ya safari mnaiona hiyo? Haikuhitaji dirisha.

Boti nazo nizisemee kidogo, nisije nikapasuka. Kijana wa boti alimnyang'anya baba fimbo nyeupe, akamshika mkono na kumkokota majini kama mbuzi wa Idi. Asiyeona havutwi! Mpe kiwiko chako akishike yeye, tangulia nusu hatua, sema "ukingo wa boti huu, unafika magotini, inua mguu wa kulia." Dakika moja imekwisha. Halafu nahodha akataka tumlipe huyo mkokotaji, eti ada ya kusaidia mlemavu. Nikamwambia anioneshe imeandikwa wapi. Akageuka kuangalia injini.

Nchi hii ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi starehe, utalii na maeneo ya kihistoria. Siyo hospitali na shule tu. Starehe. Sasa wenye leseni zenu za utalii mmewahi kukifungua?

Ndugu nao wamo, shangazi mmoja hasa, kila tukifunga mabegi: "Mwacheni mzee apumzike, mnamsumbua." Apumzike na nini? Redio? Amepumzika tangu astaafu.

Haya, ninachotaka. Desemba tunakwenda Tanga, na mzee ameng'ang'ania mapango ya Amboni, anataka kusikia popo na sauti inavyorudi kutoka ukutani. Aliyefika karibuni aniambie: penye kushuka kuna kitu cha kushikilia? Mawe yanateleza kiasi gani mvua ikinyesha? Wanaruhusu mkono ukutani, au huko nako kuna filimbi? Mambo ya kiingilio msiniambie, tutalipa kamili kama kawaida. Na kama kuna mwongozaji wa kule anayejua kusimulia, nitumieni jina lake faraghani, maana kwa mzee wangu anayejua kumulika tochi tu hana kazi.