Wakuu naombeni ushauri, kila nikimwangalia mwenzangu naona kama Mungu alininyima

Kalamu Kimya:
Habari zenu wakuu, naomba mnishauri bila kunitukana maana hili jambo linanisumbua mda mrefu. Kazini kuna jamaa tuliajiriwa pamoja, elimu moja, cheo kimoja, ila yeye Mungu kampa mdomo. Akisimama kwenye kikao hata jambo la kawaida linakua tamu, mabosi wanacheka, wageni wakija anaitwa yeye. Mimi nikisimama mbele ya watu watano tu sauti inakauka. Kwenye mahesabu, ripoti, kugundua wapi pamekosewa, hapo ndo penyewe, na mara nyingi anachoongea kule mbele kimetoka kwenye makaratasi yangu. Sasa akisifiwa naumia, yaani naumia kweli, na jamaa wala hajanikosea kitu, tena ana roho nzuri. Nimeomba sana na mimi nipewe ulimi kama wake lakini wapi. Nifanyeje?

Tumbili Mzee:
Nunua maiki ufanye mazoezi bafuni 😂😂 natania mkuu, pole.

Mama Wawili:
Pole kaka. Hiyo shida yako Musa alikua nayo kabisa, soma Kutoka 4, alimwambia Mungu mimi sio msemaji, ulimi wangu mzito. Na ona Mungu hakumbadilishia ulimi! Alimwambia Haruni ndugu yako anajua kusema, wewe utamwekea maneno kinywani. Sasa si ndo hiki hiki unachokifanya hapo kazini? Afu watu huwa wanaishia hapo, nenda Hesabu 12 uone, Haruni na dada yake Miriamu wakaanza kunung'unika, kwani Mungu anasema na Musa peke yake? Yule mwenye mdomo ndo anamwonea gere asiyejua kuongea. Huyo jamaa yako unajuaje usiku halali anawaza "ningekua na kichwa cha yule"?

Msemakweli:
Mi naona hapa kuna mambo mawili mmeyachanganya. Kuumia kwa sababu mwenzio anaongea vizuri, huo ni wivu, pambana nao. Ila kazi yako kusomwa na mtu mwingine na jina lako halipo popote, hilo ni suala la haki na halitibiwi kwa maombi peke yake. Ripoti iandikwe nani kaiandaa. Mwambie jamaa mwenyewe, umesema ana roho nzuri, mwambie "ukiwasilisha nitaje" basi. Tusimwambie mtu ashukuru kipaji chake huku kinaliwa na wengine.

Bin Seif:
Assalam aleykum. Kwenye Qur'an 4:32 tumekatazwa kutamani kile ambacho Allah amewafadhili wengine kuliko sisi, na hapo hapo tukaambiwa tumuombe katika fadhila zake. Kwahiyo kuomba sio kosa ndugu yangu. Na wanazuoni wametenganisha hasad na ghibta, hasad unataka neema imtoke mwenzio, ghibta unatamani na wewe uipate bila yeye kuipoteza. Jiulize tu, siku jamaa akiharibu kwenye kikao utasikitika au utafurahi? Jibu unalo mwenyewe, sio lazima utuambie.

Mdomo Mrefu:
Mimi ndo aina ya huyo jamaa 😅 ngoja niwaambie, watu wanatuona wajanja ila nikiulizwa swali la pili kwenye namba natoka jasho namtafuta kwa macho aliyeandaa. Na tukishakua tunasifiwa kila siku hata kusema "hili silijui" inakua ngumu. Usituonee wivu kihivyo mkuu, kaa karibu yangu kikaoni unisaidie.

Kalamu Kimya:
Daah nimesoma zote, asanteni. Msemakweli umenigusa pabaya, hilo la jina sijawahi kulisema popote. Ila Mama Wawili nikuulize dada yangu, Musa alikua kiongozi mkubwa bana, mimi ni wa makaratasi. Kipaji ambacho hakionekani unakithamini vipi?

Mama Wawili:
Basi muache Musa, chukua Bezaleli, Kutoka 31. Huyo hakuhubiri popote, alikua fundi, dhahabu, fedha, kuchonga mawe na mbao. Na Mungu anasema nimemjaza roho yangu kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya mikono. Roho ya Mungu kwenye kuchonga mbao kaka! We unadhani kwenye kugundua namba iliyokosewa kabla haijaleta hasara haipo?

Msemakweli:
Na jina liandikwe.

Kalamu Kimya:
😂😂 Sawa mkuu. Wiki hii kuna kikao, nitaongea nae kabla.