Wauza spana Kisumu, mtatuuzia boksi la vipande 108 mpaka lini?

Yeyote anayeuza vifaa vya gereji katika mji huu anijibu swali moja. Kwa nini siwezi kununua soketi MOJA, kile kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha bolti?

Namba 14, yaani milimita 14, ya pembe sita, ya racheti (mkono wa kuizungushia) ya nusu inchi. Basi. Sitaki seti, sitaki boksi la plastiki lenye mkono wa kubebea, sitaki zawadi ya tepu ya umeme juu yake. Nimezunguka kutoka maduka ya mjini hadi vibanda vya barabarani na jibu ni lile lile: "Hatuuzi moja moja, mkubwa, chukua seti." Seti yenyewe ni ile ile dukani hadi dukani. Boksi jeusi au jekundu, vipande 108, stika ya dhahabu iliyoandikwa Chrome Vanadium, na bei inategemea umevaa viatu gani.

Hebu tuhesabu hivyo vipande 108 ni nini. Fungua boksi. Karibu nusu nzima ni ncha ndogondogo za bisibisi: za nyota, za mraba, na nyingine za maumbo ambayo hakuna skrubu katika gari langu inayoyajua. Halafu kuna soketi za namba 4, 5, 6, za kufungulia sijui saa ya ukutani. Mwenye Toyota anajua gari lake linataka nini: 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za gurudumu. Namba sita hivi zikiwa imara na unafanya zaidi ya robo tatu ya kazi zako nyumbani. Lakini namba 10, ambayo hupotea kila fundi akigeuza shingo, imewekwa moja tu. Hesabu ya vipande ndiyo chambo. Mtu anaona 108 kwa elfu nne na mia tano anajiambia kila kipande ni kama shilingi arobaini, amepata. Kumbe chuma cha shilingi arobaini ndicho hicho hicho alichouziwa.

Sasa niwaambie kilichonichemsha. Nilikuwa nabadilisha pedi za breki za mbele za Toyota yangu, Probox. Kazi nyepesi: toa gurudumu, fungua bolti ya namba 14 ya kalipa (kile kinachobana pedi), inua kalipa, toa pedi za zamani, rudisha pistoni, weka mpya. Bolti hizo hazikazwi kwa nguvu nyingi hata kiwandani. Nikachomeka soketi ya boksi jipya, ikaingia huku inacheza kushoto kulia. Nikaivuta racheti, ikalia trrrk. Kwa sekunde moja ukisikia mlio huo unafikiri bolti imeachia. Wapi! Nilipomulika kwa tochi ya simu, kichwa cha bolti kilikuwa kimekuwa duara, pembe zimeliwa zote, na ndani ya soketi kulikuwa na nyuzi za chuma zilizojikunja. Mdomo wa soketi ulikuwa umepanuka. Kromu ya nje ilikuwa imebabuka ikaacha ukingo mkali, na huo ukanichana kidole gumba.

Gari juu ya jeki, breki moja imefunguliwa nusu, Jumamosi mchana.

Fundi wa jua kali ndiye aliyeniokoa. Alichomelea nati juu ya kile kichwa kilicholiwa, akaacha ipoe kidogo, akaizungusha na spana ya zamani sana ambayo maandishi yake yamefutika. Ikatoka. Lakini moto wa kuchomelea uliunguza mpira wa pini ya kalipa, kwa hiyo ongeza mpira, ongeza bolti mpya, ongeza kazi yake. Jumla ilinitoka zaidi ya bei ya lile boksi.

Nilimwonyesha soketi. Hakusema neno. Alichukua tupa, akaipitisha mara moja kwenye ukingo uliobabuka, na tupa ikauma kama inakwangua sabuni ya mche. Kisha akaipitisha kwenye spana yake, na tupa ikateleza tu bila kushika.

Hapo ndipo penye wizi wenyewe, na wauzaji wengi hawapajui au wanajifanya hawapajui. Chrome Vanadium ni jina la mchanganyiko wa chuma. Halikuambii kama chuma hicho kilipashwa moto kikazimwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kisiwe kigumu cha kuvunjika. Hayo ndiyo yanayofanya spana iwe spana. Yakirukwa, hata kama maandishi ni ya kweli kabisa, una kipande cha chuma laini kilichopakwa kromu. Na kupiga muhuri wa maandishi kunagharimu nini? Mashine ile ile inayopiga namba 14 inapiga na Chrome Vanadium kwa pigo hilo hilo.

Nikarudi dukani. Silitaji jina. "Omera, hiyo ni orijino, si ona imeandikwa." Nikamwonyesha mdomo uliopanuka. "Uliweka paipu kwa racheti ukazidisha nguvu." Sikuweka. "Basi bolti ilikuwa mbovu." Akanionyesha risiti, chini kabisa, kwa herufi za mchwa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nani aliwaambia sentensi hiyo ni sheria? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, nayo inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba alichouza ni cha ubora unaokubalika, hata kama hakutamka ahadi yoyote. Mstari uliochapwa kwenye risiti hauifuti. Najua, najua, nani atakwenda mahakamani kwa sababu ya soketi. Wao pia wanajua, na ndiyo maana wanachapa.

Na kama ingekuwa soketi peke yake ningenyamaza. Tazameni soketi nyeusi zinazoitwa "za impakti". Soketi halisi ya mashine ya impakti, ile ya kufungua nati kwa kugonga, huwa nene, na chuma chake kwa kawaida ni cha kromu na molibdeni, kwa sababu lazima kivumilie kugongwa bila kupasuka. Niliyoonyeshwa mimi ilikuwa nyembamba kama zile nyingine. Nilipoikwaruza kwa ukucha, rangi nyeusi ikatoka, chini yake kromu inang'aa. Wameipaka rangi! Mtu akiiweka kwenye mashine ya upepo ikapasuka usoni mwake, huyo muuzaji atasema aliweka paipu?

Bisibisi nazo. Skrubu nyingi za pikipiki na magari ya Japani zinaonekana ni za msalaba wa kawaida, kumbe zimetengenezwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, na nyingi zina kinukta kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai ndani yake sawasawa, hupanda na kuteleza, na kabureta yako inabaki na skrubu zilizochimbwa mashimo. Nikiuliza bisibisi ya JIS hapa mjini natazamwa kama nimeuliza dawa ya kienyeji.

Toki-renchi, ile spana ya kupima nguvu ya kukaza, inayogonga "tak" ikifikia namba uliyoiweka, mimi naipima mwenyewe. Bana kichwa chake kwenye vaisi, mshiko ulale sambamba na ardhi, halafu ning'iniza mtungi wa lita 20 uliojaa maji kwenye mshiko, sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa. Maji kilo 20, mtungi kama kilo moja: hapo kuna nguvu ya niutoni mita 80 na kidogo. Ukiiweka 75 ukauachia mtungi taratibu, lazima igonge. Ya jirani yangu niliiweka 75, kimya. 65, kimya. Niliposhuka hadi 50 ndipo ikagonga. Maana yake akikaza nati za magurudumu kwa zile niutoni mita 103 za Toyota, anakaza mbali kupita hapo na hajui, mpaka siku uzi wa bolti utakapong'oka. Yeye aliinunua ili awe mwangalifu!

Stendi za kushikilia gari sizipiti haraka kwa sababu hizo zinaua. Jeki ya mafuta inainua, haishikilii. Sili ikivuja, gari linashuka. Kwa hiyo unanunua stendi, unalala chini ya gari, uhai wako uko juu ya mshono wa welding na pini moja. Nimeona jozi dukani mshono wake una vitundu kama mkate, na mguu mmoja haugusi sakafu. Imeandikwa tani 3. Nikauliza, tani 3 kila moja au zote mbili pamoja? Maana watengenezaji wengine huandika uzito wa jozi. Kijana wa duka akacheka: "Hiyo ni tani tatu tu, boss, hata lori." Huko Marekani mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight iliita zirudishwe stendi zaidi ya milioni moja baada ya kugundulika kwamba baadhi zinaweza kuachia gari ghafla. Sisemi Wamarekani ni malaika, stendi mbovu waliziuza wao. Nasema kulikuwa na njia ya kuzirudisha. Hapa ukizirudisha unaambiwa umezitumia vibaya, ikiwa bado unaweza kutembea.

Msiniambie niagize Nairobi. Kila nikilalamika mtu ananiambia, "tuma mtu Kirinyaga Road." Kisumu ni jiji. Tuna bandari, tuna uwanja wa ndege wa kimataifa, tuna mafundi wa jua kali wanaoweza kukuundia geti kutoka kwa picha ya simu. Halafu soketi moja isafiri kilomita zaidi ya mia tatu usiku kwenye basi, kwa nauli inayokaribia bei yake?

Kitu pekee ninachosifu ni mitumba. Jumapili soko la Kibuye, ukiwa na subira, utapata spana za zamani kutoka Uingereza, Ujerumani au Japani zimemwagwa juu ya gunia pamoja na vitasa na mabomba. Zina kutu na mafuta, lakini angalia mdomo: ukiwa haujapanuka na pembe za ndani bado kali, nunua. Beba bolti mpya ya namba unayotaka mfukoni uijaribishe hapo hapo, ikicheza, rudisha. Beba na sumaku ukitaka, lakini haikusaidii kitu, chuma kibovu nacho hushikwa na sumaku. Kagua namba pia, kwa sababu za Uingereza nyingi ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, inaingia kwenye bolti ya 12 vizuri kabisa, na ndiyo itakayoila.

Muuzaji wa gunia ananiruhusu nijaribishe. Mwenye duka la vioo na feni ananiambia nikifungua plastiki nimenunua. Mbona iwe hivyo?

Ninachotaka si kikubwa. Uzeni moja moja. Ruhusuni mtu ajaribishe na bolti yake. Ya pembe kumi na mbili na ya pembe sita ziwekwe mbali mbali, kwa sababu ya sita inabana kwenye ubapa wa bolti na ile nyingine inashika karibu na ncha za pembe, na mnunuzi mgeni hajui. Mnapoona kipande kimepanuka ndani ya wiki moja, badilisheni. Mkitaka kuongeza bei kwa hayo, ongezeni, mimi nitalipa.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma majibu. Kwa anayesema "si umpelekee fundi gari tu", fundi ananunua wapi soketi zake, mbinguni? Kijana anayefungua gereji Nyamasaria leo anaanza na boksi lile lile, na bolti anazozila ni za gari lako. Kwa anayesema nunua ya bei ghali, boksi moja nililiona maduka matatu kwa bei tatu, picha ile ile, hata kosa la tahajia kwenye stika lile lile. Bei haisemi kitu.

Kwa mdau wa Nakuru anayedai kuna mzee huko anauza soketi moja moja na anakupa tupa ujaribu mwenyewe kabla ya kulipa: usiweke namba yake hapa hadharani, nitumie kwa faragha. Na uniambie kama anauza stendi pia, au ni spana tu, maana tuko watu kadhaa huku Migosi tunaotaka kuchanga nauli ya mtu mmoja.