Kwa nini chaneli ya G4 ilifungwa mara mbili?

Shabiki_wa_Konsoli:
Ndugu wanajukwaa, G4 ilianza kurushwa Marekani tarehe 24 Aprili 2002, ikiwa chaneli ya kulipia inayohusu michezo ya video. Ilizimwa mwishoni mwa 2014, ikafufuliwa Novemba 2021, na Oktoba 2022 wamiliki wakatangaza kuifunga tena. Muda wote huo wapenzi wa gemu walizidi kuongezeka. Kwangu mimi chaneli ile iliwapa heshima watu ambao televisheni nyingine iliwaona kama watoto waliokataa kukua, ndiyo maana naomba nielezwe ni nini hasa kilichoiangusha.

Mtazamaji_Mkongwe:
Tatizo lilianza 2004, kampuni ya Comcast, mmiliki wa G4, ilipoinunua TechTV, chaneli ya teknolojia, na kuiunganisha na G4. TechTV ilikuwa na watazamaji waaminifu waliopenda kuielewa kompyuta kwa undani. Wafanyakazi wengi wa TechTV huko San Francisco wakapoteza kazi, shughuli zikahamia Los Angeles, na watazamaji wale hawakukipata tena walichokuwa wakikifuata. Vipindi vya G4 kama X-Play na Attack of the Show! viliendelea kupendwa, lakini saa nyingi zilijazwa marudio ya Cops na Cheaters, vipindi visivyohusiana na gemu hata kidogo. Shabiki alipie nini hapo? Novemba 2010 DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti, ikaiondoa kwenye vifurushi vyake. Chaneli ya aina hii huishi kwa ada inayotokana na kila mteja wa kifurushi, awe anaitazama au haitazami, kwa hiyo kumpoteza msambazaji mkubwa kama huyo lilikuwa pigo zito kuliko kushuka kwa idadi ya watazamaji.

Kidhibiti:
Nakubaliana na ndugu hapo juu kuhusu anguko la kwanza. La pili lina sababu nyingine: kufikia 2021, Twitch, tovuti ya kurusha gemu moja kwa moja, ilikuwa na miaka kumi, na shabiki alikwisha kuzoea kumtazama mchezaji moja kwa moja, kumwandikia na kujibiwa papo hapo, bila malipo. G4 nayo ilirusha vipindi vyake huko huko, huku ikibeba gharama za studio na wafanyakazi wa televisheni.

Mwanaligi:
Naomba tuitazame pia Korea Kusini, ambako OGN, chaneli ya gemu, ilianza mwaka 2000 na kujijenga kwa ligi za gemu ya StarCraft. Nadhani walifanya jambo la busara kuliko G4, kwa sababu shindano linalochezwa sasa hivi haliwezi kungoja marudio. Hata hivyo, mpira wa miguu hauna kampuni inayoumiliki, ilhali kila gemu ina mwenyewe: mwaka 2019 Riot Games, kampuni inayomiliki gemu ya League of Legends, ilianza kutengeneza yenyewe matangazo ya ligi ya gemu hiyo ya Korea, ambayo OGN ndiyo iliyoilea tangu 2012, na chaneli ikabaki bila shindano lake kubwa kuliko yote.