Msaada: jina la babu limekosewa kwenye rekodi za askari waliokufa vitani

Mtoto wa Ng'ambo
Wakuu, heshima zenu. Babu mzaa baba alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu), upande wa mizinga, vita ya Hitla. Hakurudi. Nimemtafuta kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, nimempata. Alizama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, jina liko kwenye ule mnara wa Nairobi, makaburi ya Ngong Road. Shida ni jina. Sisi ni Athumani, wao wameandika Asmani, na la baba yake hawakuweka kabisa. Mwezi ujao tunasoma hitima Tabora. Nawaandikiaje warekebishe haraka? Usingizi sipati.

Kapera Mstaafu
Pole sana mkuu. Ndugu zangu, hitima ni muhimu kuliko tovuti. Mungu hahitaji herufi.

Bin Kilindini
Kwanza, mizinga haikuwa Keya, kilikuwa kikosi chake mbali, ingawa wazee wote waliita Keya. Meli ilitoka hapa kwetu Kilindini kwenda Colombo, nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300. Mnara wa Nairobi una zaidi ya wapiga mizinga 600 wa rejimenti ya 301 waliokwenda na meli hiyo. Kati ya hao unadhani akina Athumani ni wangapi? Umejuaje huyo ni wako? Namba ya jeshi unayo?

Mtoto wa Ng'ambo
Namba hatuna. Lakini jina linakaribiana na kikosi ni mizinga. Nimeuliza kurekebisha tu.

Mama Kuku wa Kisasa
Babu yangu alirudi kutoka Bama (Burma, Myanmar ya leo) na koti moja na mazoea ya kunywa chai saa kumi kamili. Chai ikichelewa anapiga saluti mlangoni mpaka bibi acheke. Mpaka anafariki, biskuti za jeshi alizisema vibaya kuliko Wajapani.

Mzee wa Nyaraka
Tume inarekebisha, ila wanataka ushahidi wa maandishi, hasa wa wakati ule. Neno la ukoo peke yake halitoshi. Majina yetu aliyaandika karani kwa alivyosikia: Athumani, Asmani, Osmani, mtu mmoja. Tena askari wengine wamewekewa mzazi na wilaya, wengine hapana. Wako pameandikwaje?

Mtoto wa Ng'ambo
Wazi. Hakuna mzazi wala wilaya.

Kariakoo Damu
Afadhali wa vita ya pili wana mnara wenye majina. Wapagazi wa vita ya kwanza, hao Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, wengi hawana hata hilo. Tume yenyewe ilikiri kwenye ripoti ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Yule askari wa shaba pale Posta kasimama tu na bunduki yake. Tunadai lini fidia?

Bin Kilindini
Fidia fungua uzi wako. Mleta mada, mzee wako kazaliwa mwaka gani?

Bin Kilindini
Mkuu upo? Nakuona uko mtandaoni.

Mtoto wa Ng'ambo
1946. Lakini zamani miaka ilikadiriwa, mnajua. Ya mzee imeandikwa shuleni na mwalimu.

Dogo Janja wa Sinza
Babu kazama Februari 44, mtoto kaja 46. Hiyo mimba ilisafiri kwa nyambizi 😂😂

Kapera Mstaafu
Mwogopeni Mungu. Huyo ni bibi wa mtu.

Mzee wa Nyaraka
Bibi aliacha kitu chochote? Barua, nishani?

Mtoto wa Ng'ambo
Shangazi ana nishani, nyota ya ncha sita. Utepe wa buluu iliyoiva, mwekundu katikati, na michirizi ya chungwa. Katikati imeandikwa Burma. Jina halipo.

Mzee wa Nyaraka
Nishani za Mwingereza za vita ya pili walizotoa huku hazikuchongwa jina, za vita ya kwanza ndizo zilizochongwa ukingoni. Lakini nyota hiyo hupewi kwa kuzama Maldives ukielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo, kwenye hiyo Colombo). Kama ni ya babu yako kweli, alifika Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Bonde la Kabaw, huko huko Bama, mwaka huo huo wa 1944, miezi baada ya meli kuzama. Tafuta upya. Tume inahesabu waliokufa mpaka 31 Desemba 1947. Na usisahau kwamba huenda alirudi akaenda kuishi kwingine.

Mtoto wa Ng'ambo
Wakuu, jiwe la marmar limeshachongwa. Jina, namba ya jeshi, tarehe. Baba mkubwa ameshaalika watu mpaka Urambo. Na nishani huenda shangazi aliinunua.

Dogo Janja wa Sinza
Simama hapo. Juu ulisema namba hamna, sasa iko kwenye jiwe? CHAI. Kesho ataleta namba ya simu tumchangie ubwabwa wa hitima.

Mama Kuku wa Kisasa
Na mimi nilishangaa, nani ananunua nishani Tabora?

Mtoto wa Ng'ambo
Namba ni ya kwenye tovuti! Sijaomba hela ya mtu. Picha ya jiwe hiyo hapo.

Dogo Janja wa Sinza
Haifunguki.

Bin Kilindini
Kwangu imefunguka. Jiwe lipo. Kwa hiyo umemchukua marehemu wa watu na namba yake, ukampa ukoo wenu. Wajukuu zake nao wakimtafuta?

Mtoto wa Ng'ambo
Fundi anasema namba na tarehe anaweza kuziba kwa saruji nyeupe, jina libaki. Baba mkubwa nitamwambiaje?

Kariakoo Damu
Marmar hiyo umechonga kwa bei gani? Mimi nina baba mkwe.