Naombeni ushauri: kumpeleka mama Reading Terminal Market, Philadelphia

Mgeni_wa_Kiangazi
Habari zenu wakuu. Niko Philadelphia kiangazi hiki kikazi, na mama amekuja kunitembelea. Makumbusho hayataki, maduka makubwa anasema ukiliona moja umeyaona yote. Anachotaka ni soko, basi. Kila ninayemuuliza ananitajia Reading Terminal, lile la ndani pale kona ya mitaa ya 12th na Arch.

Sasa, niko kazini Jumatatu hadi Ijumaa, ndio maana nilipanga Jumapili mchana. Ila mama hali nguruwe, na goti linamsumbua, kusimama sana hawezi. Tena anataka kununua vitu vya kupika, si kuzunguka na kulamba vidole tu. Je, vibichi vipo, au ni chakula cha watalii kitupu? Mliowahi kuishi huko nisaidieni.

Kapu_la_Mama
Jumapili usithubutu, mdogo wangu. Soko linafunguliwa siku zote saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, lakini wauzaji wa Kiamishi, wale Wakristo wanaoshikilia maisha ya kizamani, Jumapili hawagusi kazi, ni siku yao ya ibada. Vizimba vyao vingi viko upande wa pembe ya 12th na Arch, na hao ndio wanaolipa soko lile ladha yake: mikate, maandazi ya tufaha, achari, jibini, kuku wa kuchoma. Ukienda Jumapili unakuta upande ule umelala. Wengine hawafungui hata Jumatatu.

Nenda Jumamosi, na saa mbili kamili uwe mlangoni. Nasema saa mbili, sio "kuanzia saa mbili" yetu ile.

Mla_Mitaa
Mimi napingana na dada hapo juu. Saa mbili asubuhi soko liko kama duka la dawa, watu wanapanga bidhaa tu. Raha ya Reading Terminal ni saa sita ya Jumamosi, muuza nyama anapaza sauti, foleni ya sandwichi imezunguka kizimba cha jirani, kila mtu ana sahani mkononi anatafuta pa kukaa. Mama ametaka soko, mpe soko!

Kapu_la_Mama
@Mla_Mitaa goti umelisoma? Saa sita hapo viti vya katikati vinawindwa kama daladala ya jioni. Asubuhi anakaa anapotaka, na mhudumu anapata muda wa kumjibu. Wewe mwenye magoti mazima nenda saa sita.

Mla_Mitaa
Goti nililiruka, kweli. Basi aende asubuhi, akiona watu wanaanza kukanyagana atoke.

Bibi_Mapishi
Kuhusu nguruwe, kaa macho hasa kwenye kifungua kinywa. Kuna kitu wanaita scrapple, ni chakula cha zamani cha Pennsylvania. Wanachemsha mabaki ya nyama ya nguruwe na viungo vya ndani, wanakoroga na unga wa mahindi, wanamimina kwenye chombo kigande, halafu wanakata vipande na kuvikaanga hadi viwe vya kahawia na ukoko juu. Kwa macho utasema ugali wa jana uliokaangwa, na mama akisikia unga wa mahindi atakuwa wa kwanza kunyoosha mkono! Mwambie mapema.

Sandwichi inayojaza foleni pale DiNic's nayo ni ya nguruwe, na jibini kali na mboga chungu. Mwaka 2012 ilitangazwa kwenye televisheni ya Marekani kuwa sandwichi bora ya nchi nzima, ndio maana ile foleni haiishi. Kama kwake shida ni nguruwe tu, za ng'ombe zipo. Kama anataka nyama ya halali, asibahatishe kwa kuangalia: aulize kila kizimba, na kwenye vitu vya unga aulize vimepikwa kwa mafuta gani. Hawakasiriki, wanaulizwa kutwa.

Akimaliza mpelekee aiskrimu ya Bassetts. Kampuni ilianza 1861, na wamo sokoni humo tangu lilipofunguliwa miaka ya 1890.

Reli_ya_Kati
Vibichi vipo tele, msimtishe. Samaki mzima juu ya barafu, bucha, kuku, na pale Iovine Brothers mboga na matunda yamerundikwa hadi unakosa pa kuanzia. Samaki mwambie muuzaji akuparulie magamba na kumtoa matumbo. Beba begi lenye barafu, joto la Julai hapa halina huruma, na samaki anunuliwe mwisho kabisa.

Mama aambiwe pia kwamba hakuna kupunguziwa. Bei ni iliyoandikwa. Tena kwa chakula kilichopikwa inaongezeka kodi ya asilimia 8 ukifika kulipa, vibichi vya kupeleka nyumbani havitozwi. Na akiwa mtu wa noti mkononi asihofu: tangu Julai 2019 sheria ya jiji inakataza maduka kukataa pesa taslimu.

Njooni kwa treni, mshuke Jefferson Station, ni mwendo mfupi sana kwa miguu. Soko lenyewe lilijengwa chini ya stesheni ya kampuni ya reli ya Reading, treni zilikuwa zinaingia juu ya vichwa vya wauza nyama hadi 1984. Sasa lile paa la treni ni sehemu ya ukumbi wa mikutano. Kukiwa na kongamano kubwa huko juu, wote wanashukia sokoni kula mchana, kwa hiyo tazama ratiba ya ukumbi kabla hujachagua Jumamosi yako.

Mgeni_wa_Kiangazi
Asanteni sana, Jumapili nimeifuta. Mama anasikiliza hapa ninavyomsomea, anauliza anaweza kupiga picha na wale kina mama wenye kofia nyeupe?

Kapu_la_Mama
Shikamoo mama! Picha za sura zao hapana, Waamishi wengi hawapendi kwa sababu za dini. Piga mikate, piga achari, hakuna atakayekukataza. Na ukitaka maongezi, waulize namna ya kupika kitu, hapo watafunguka.

Bibi_Mapishi
Mkipotezana, katikati ya soko kuna sanamu ya shaba ya nguruwe, anaitwa Philbert, watu wote wanakutania hapo. Huyo haliwi, mama asiwe na wasiwasi 😂

Mgeni_wa_Kiangazi
Amecheka hadi kakohoa. Anasema atakaa karibu na aiskrimu, nguruwe nikakutane naye mwenyewe. Basi ni Jumamosi hii, nimeangalia ratiba, ukumbi hauna mkutano. Hilo begi la barafu linauzwa humo humo au nitafute kabla?

Reli_ya_Kati
Tafuta kabla, duka lolote la vyakula mtaani kwako wanalo.