Naomba ushauri: je, halmashauri izuie watu binafsi kuwasha fataki?

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Mtwara, na kikao chetu kinatakiwa kutoa maoni iwapo manispaa itunge sheria ndogo ya kudhibiti fataki, mamlaka ambayo inayo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya, fataki iliangukia paa la makuti la jirani yangu, bibi anayelea wajukuu watatu, tukauzima moto kwa ndoo za maji huku watoto wakilia. Tangu hapo sijatulia, kwa kuwa hata kile kijiti cha cheche wanachopewa watoto huwaka kwa joto linaloweza kuzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, na Desemba maghala yetu huwa bado yana magunia ya korosho.

Binafsi naona afadhali onyesho moja la pamoja ufukweni, likisimamiwa na Zimamoto, kuliko marufuku ambayo hakuna askari atakayeweza kuifuatilia katika kila ua. Lakini vijana wanaouza fataki wamekwisha kununua mzigo kwa mitaji yao midogo, na hao nawaonea huruma kwa dhati.

Mliowahi kuishi katika miji yenye vizuizi, je, kilichofaa zaidi ni kuweka saa maalumu, umbali kutoka kwenye makazi, au kibali kwa muuzaji? Na wauzaji hao wapewe muda gani?